Nilikuwa Kendal Saa Saba, Nikaonekana Sutton

Pauni tatu na peni ishirini za maegesho, sufuria ya pilau ya watu wanane, na jina langu lote mtaani kwetu, Acocks Green. Hiyo ndiyo gharama ya leo. Nimejumlisha mara mbili, na mara zote mbili jibu ni lile lile: nimeumbuka.

Nina dakika arobaini na saba kwenye kompyuta hii ya maktaba ya Sutton Coldfield, na nje kuna mtu ananipigia honi. Kwa hiyo naandika mbio mbio. Makosa ya uandishi mnisamehe. (Ya tabia pia.)

Kwa msionijua: mimi Saumu, mzaliwa wa Kariakoo, mkazi wa Birmingham mwaka wa kumi na moja sasa. Miaka tisa kati ya hiyo nilipanga sandwichi kwenye maboksi kiwandani. Jibini, kuku, jibini, kuku. Mwezi wa pili kiwanda kikahamishwa. Mimi sikuhamishwa. Tangu siku ile miguu inawasha. Nikilala, nageuka. Nikikaa, nasimama. Nikisimama, nakwenda dirishani kuyaangalia mabasi na kuyaonea wivu, hata yale yanayoishia hapo jirani tu, Kings Heath.

Nikanunua gari la kulala. Lina kitanda, jiko la mafiga mawili, na choo kinachotaka kubembelezwa. Aliyeniuzia ni Mzee Gurdev, Singasinga wa Kisumu mwenye gereji karibu na stesheni yetu. Bei siitaji, maana mpaka leo kila mmoja wetu anaamini amempunja mwenzake, na urafiki wetu umesimama juu ya hilo.

Kisa cha kununua gari ni tangazo nililosoma kwenye jarida. Kumbe nchi hii, ukiwa na gari la kulala, wapo watu wanaotunza misitu na mabwawa na ngome za kale wanaokupa pa kuegesha, maji na umeme, bure, msimu mzima! Wewe unawafanyia kazi ya kujitolea siku kadhaa kwa wiki. Huyu anahesabu ndege, yule anakata tiketi. Msimu ukiisha, unawasha gari, unahamia kwingine. Nilisoma tangazo lile mara mbili, nikakaa chini. Nani aliwapa hawa watu ndoto yangu?

Nikaandika barua kumi na nne. Kumi hazikujibiwa. Cornwall walitaka wadhamini wawili ambao si ndugu zangu wala majirani zangu. Nikabaki sina mtu. Wales walitaka mtu wa kusaidia kondoo wazae. Wakaniuliza kama nina uzoefu na kondoo. Nikasema ninao, wa kumla. Na mara zote mbili nilikuwa nimeshawaaga watu! (Mimi huaga mapema. Ni ugonjwa.)

Halafu ikaja Scotland. Hifadhi ya ndege, kando ya ziwa. Waliandika kwamba wamependa barua yangu, watanipigia simu kesho yake. Jioni ile ile nikamwambia Bi Zuhura.

Bi Zuhura ni mama wa Kizanzibari, mtu mzima, jirani yangu wa mlango wa tatu. Ukimwambia yeye umeambia mtaa. Lakini safari hii hakukimbilia simu. Alikaa, akanishika mkono. Binti yake aliyeko Glasgow amejifungua mtoto wa kiume, wamempa jina la marehemu mume wake Bi Zuhura. Arubaini yake ni Jumatatu hii. Bi Zuhura kaomba ruhusa kazini mara tatu, kanyimwa mara tatu. Akashona kofia. Kofia ya mkono, kitundu kwa kitundu, ukubwa wa chungwa. Wiki tano.

"Nilikuwa najiuliza itafikaje," akaniambia. "Kwa posta sitaki, posta hawajui walichobeba. Kumbe Mungu kakuweka wewe."

Kesho yake simu ikalia. Bwana mmoja wa Scotland, sauti laini kama maziwa. Siku tano za kazi kwa wiki, maegesho bure, maji bure, umeme bure. Nisikilizeni vizuri: yalikuwa masharti mazuri. Mtu mwenye akili angesema ndiyo. Lakini mimi nimelelewa Kariakoo. Bei ya kwanza haikubaliwi! Ukiikubali unamkosesha muuzaji usingizi.

"Siku tano nyingi," nikamwambia. "Tufanye mbili."

"Samahani, ni tano."

"Tatu, na gesi nitanunua mwenyewe."

"Samahani sana, ni tano."

Hapo mtu unafanyaje? Unaondoka. Ndiyo utaratibu. Kariakoo unageuza mgongo, unapiga hatua tatu, nne kama muuzaji ni mbishi, unasikia, "Mama! We mama! Njoo tuelewane!" Nikasema, "Basi, tuache tu," kwa sauti ya mtu anayefunga pochi.

Yule bwana akasema, "Nakuelewa kabisa. Nakutakia kila la heri." Akakata.

Nikabaki na simu sikioni. Nikasubiri aniite. Nimesubiri siku mbili. Bado hajaniita.

Pakabaki mahali pamoja tu walikonikubali: msitu mdogo hapa hapa Sutton Coldfield, ndani ya Birmingham, panapofikika kwa treni ya kawaida. Nilipima kwa uzi juu ya ramani. Maili kumi kutoka mlangoni kwangu. Nikapima tena. Hazikuongezeka. Safari hii nilikubali bila kupunguza hata siku moja. (Akili ilikuja, ila ilichelewa basi.)

Ningesema ukweli, mtaniambia. Ningesema vipi? Watu wameshachanga. Mzee Gurdev ameshaniwekea betri mpya. Bi Zuhura ameshampigia binti yake. Na ingekuwa mara ya tatu naaga bila kuondoka. Nikapanga hivi: leo Jumamosi naaga, naingia Sutton kimya kimya, nakimbiza kofia kwenye dirisha la posta kabla halijafungwa saa sita na nusu, natuma kwa njia ile ya haraka, inafika Jumatatu. Halafu najificha msituni mpaka mwezi wa tisa. Nani wetu anakwenda Sutton? Kule ni kwa watu wenye nyasi zilizochanwa.

Saa mbili asubuhi leo, barabara yangu ilijaa. Pilau ilikuja na sufuria yake. Dua ikasomwa juu ya boneti. Bi Zuhura alikuwa amevaa koti juu ya nguo za kazi, anatazama saa, anawahi treni. Akanipa kifurushi kimefungwa kwenye kanga yake ya njano.

"Umpe mkononi, Saumu mwanangu. Si mlangoni. Mkononi. Na umtazame mtoto vizuri, uje unambie kama kachukua pua ya babu yake."

Nikasema inshallah. Nikakiweka kifurushi kiti cha mbele.

Nikawasha gari. Mzee Gurdev naye akawasha lake.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Mimi nakusindikiza, mama. Hii ni mara ya tatu wewe unaaga. Leo mimi nataka kuona na macho yangu ukiingia motowei."

Na akanisindikiza! Taa zinawaka na kuzima, honi kama harusi, mpaka M6, barabara kuu ya kwenda kaskazini. Alisimama pembeni ananipungia hadi nikaingia. Nikaingia kweli, naelekea kaskazini. Na niwaambie kitu: kwa dakika zile chache, nikiwa kwenye njia ya kwenda Scotland, miguu iliacha kuwasha. Halafu likaja tawi la kwanza la kutokea. Nikatoka.

Saa tatu na robo nilikuwa Sutton. Mkuu wa wenye kujitolea ni mama mmoja mrefu mwembamba, Maureen, mpole, hapandishi sauti. Alinipa kizibao cha reflekta cha rangi ya chungwa na reki. Akaniambia saa saba kuna wageni, wazee, wanakuja kuona maua ya buluu yaliyochanua chini ya miti, kwa hiyo njia ifagiliwe. Nikamwambia nina haraka ya posta. Akasema bila shaka, nikishamaliza njia.

Njia ilikuwa hatua mia nne na kumi na mbili. Najua kwa sababu nilizihesabu kwenda na kurudi.

Saa nne simu ikalia. Mzee Gurdev.

"Mama, umefika wapi?"

Mimi nikidanganya nadanganya kwa hesabu. Nilikuwa na ramani ya barabara nimeitandaza kwenye toroli, juu ya majani makavu. Gari langu mwendo wake maili arobaini na tano kwa saa, toa dakika ishirini za chai, toa kumi za kubembeleza choo. "Nakaribia Stoke, mzee."

"Engine inasema nini?"

"Inaimba."

"Eeh, nilikuambia!"

Saa sita kasoro ikaja meseji ya Bi Zuhura: WAPI SAHIVI. Nikapiga hesabu, nikajibu: Lancaster, mama, kuna upepo. (Upepo ni uongo salama. Nchi hii kila mahali una upepo.)

Saa sita na dakika ishirini nikatupa reki, nikakimbiza gari mjini. Sasa, gari la kulala haliegeshwi popote. Nikazunguka mara mbili. Nikapata nafasi kwa pauni tatu na peni ishirini, nikatoka mbio na kizibao changu, kifurushi kwapani. Nikafika mlangoni mwa posta, kijana wa ndani anageuza kibao.

"Dakika moja tu!" nikamwambia kupitia kioo. Akaonyesha saa. "Nusu dakika!" Akatikisa kichwa. Nikageuka, nikapiga hatua tatu. Nne. Tano. Nikageuka kumtazama. Ameshateremsha pazia.

Nimesimama pale na kofia ya wiki tano. Jumatatu ni arubaini. Na mimi niko Lancaster.

Nikarudi msituni. Wageni walikuwa wameshafika: wazee kumi na mmoja, wengine kwenye viti vya magurudumu, na wahudumu wao wenye sare za zambarau, wanateremka nyuma ya basi dogo. Maureen akaniambia nikatangulie mwanzo wa njia, niwapokee. Nikaenda. Hata kifurushi sikukumbuka kukiweka garini.

Simu ikalia. Bi Zuhura. Nikajibanza nyuma ya mti mkubwa.

"Saumu! Nimepata dakika mbili za kupumua. Ushafika wapi?"

Ramani iko kwenye toroli, toroli iko mbali. Nikakisia. "Kendal, mama."

"Kendal ndiyo wapi tena?"

"Juu huku. Milima mitupu."

"Alhamdulillahi. Mbona nasikia ndege?"

"Ndege wa Kendal, mama. Wana kelele."

"Na kofia?"

"Iko hapa hapa, nimeikumbatia." (Huo ndio ukweli pekee niliosema leo kabla ya saa saba.)

"Kuwa makini, mwanangu. Barabara za milimani zina kona."

Hapo ndipo nilipogundua jambo. Nimesema nahesabu kila kitu mara mbili. Basi "zina kona" niliisikia mara mbili. Ya kwanza sikioni. Ya pili upande wa kushoto, nyuma ya mti.

Nikatoa kichwa taratibu.

Bi Zuhura. Sare ya zambarau. Mkono mmoja simu, mkono mwingine kiti cha magurudumu, na ndani ya kiti mzee wa Kizungu mwenye blanketi magotini. Hatua kumi na mbili.

Jamani, wote tunajua Bi Zuhura analea wazee. Lakini wapi, hakuna aliyewahi kumuuliza. Huku ughaibuni humuulizi mwenzako anabebea wapi boksi lake, yaani kibarua chake kiko wapi. Nilijua anapanda treni. Treni ya wapi, sikuhesabu hata mara moja!

Yeye hakuniona mimi kwanza. Aliiona kanga yake ya njano. Macho yakapanda: kizibao cha chungwa, kisha uso. Simu bado iko sikioni. Akaendelea kuongea ndani ya simu, pole pole, ananitazama.

"Saumu. Mie niko kazini. Wewe uko Kendal. Sasa huyu mbele yangu nani?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu kwenye simu. "Mtandao unakatika, mama."

Nikakata. Tukatazamana. Nikasema salamu alaykum kwa kukosa kingine.

"Waalaykum salaam," akasema. "Kendal kuzuri. Kuna miti."

Maureen akaja na tabasamu. "Oh, mnafahamiana?"

"Sana," Bi Zuhura akamjibu kwa Kiingereza chake kilichonyooka. "Asubuhi nilimuaga. Alikuwa anakwenda Scotland."

Mzee wa kwenye kiti akanikagua juu mpaka chini. "Amerudi mapema," akasema.

Wakacheka! Wazee kumi, wahudumu watatu, na Maureen kidogo, kwa adabu. Bibi mmoja aliyekuwa hasikii akaomba arudiwe. Akarudiwa. Akacheka peke yake.

Bi Zuhura hakucheka. Akanyoosha mkono, nikampa kifurushi. Akafungua pembe ya kanga, akaitazama kofia kama imelala na yeye hataki kuiamsha.

"Posta?" akauliza.

"Imefungwa, mama. Nimechelewa dakika tano."

"Ungenambia, Saumu. Ningempa mtu mwengine."

Hivyo tu. Hakufoka. Angefoka ningekuwa na la kusema; mimi kwenye kelele nina vyeti. Nilitamani ardhi ipasuke, lakini nilikuwa nimeifagia mwenyewe na ilikuwa nzima kabisa. Nikageuka. Safari hii sikuwa nafanya biashara. Nilikuwa naondoka kweli, nakwenda kujifungia garini mpaka mwezi wa tisa. Hatua moja. Mbili. Tatu. Nne.

"Wee Saumu! Rudi hapa!"

Sijawahi kusikia maneno matamu kama yale. Nikarudi mbio.

"Hilo gari lako lina mafuta?"

"Tangi zima, mama. Mzee Gurdev kalijaza."

"Glasgow ni mwendo wa saa ngapi?"

"Saba. Nane na choo."

Akafunga kanga yake fundo mbili. "Natoka kazini saa tisa. Kesho sina zamu. Jumatatu nina homa."

"Homa?"

"Naisikia inakuja." Akajishika shavu. "Ruhusa nimeomba mara tatu. Homa haiombwi."

Mzee wa kwenye kiti akauliza tumesema nini. Bi Zuhura akamwinamia, akamnong'oneza. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Jumatatu atakuwa mgonjwa sana. Nilimwona mimi mwenyewe."

Ikabaki Maureen. Nikamwendea, nikamweleza kila kitu, hata bwana wa Scotland. Naomba siku chache. Akatazama saa yake. "Lakini umefanya kazi asubuhi moja tu." Nikakiri. Akafikiri. "Basi uwe hapa Alhamisi."

"Ijumaa," nikasema.

(Sijui! Mdomo ulisema wenyewe.)

Maureen akatabasamu, akageuka, akaanza kuondoka. Hatua moja. Mbili. Tatu. Ana miguu mirefu yule mama!

"Alhamisi!" nikapiga kelele. "Alhamisi, Maureen! Asubuhi!"

Hakugeuka. Aliinua mkono tu. Sijui alijifunzia wapi, lakini huyo angenivua nguo Kariakoo.

Basi ndiyo hivyo. Saa tisa Bi Zuhura akapanda na mkoba wake wa kazini, akakagua kitanda, akakagua choo, akasema choo hicho kimelaaniwa. Simu yangu ikalia, akaiwahi yeye. Mzee Gurdev. "Mama, wewe uko wapi?" Bi Zuhura akamwambia, "Tupo Sutton, ndiyo kwanza tunaondoka." Halafu nikasikia gereji nzima inacheka, na nyuma ya gereji, naapa, stesheni. Kwa hiyo Acocks Green wanajua. Nimeomba tupite maktaba dakika chache niwaandikie nyie kabla hamjasikia kwa wengine.

Honi tena. Naona kupitia dirisha amekaa kiti cha mbele, kofia mapajani, mkanda ameshafunga. Mimi niliyetaka kusafiri peke yangu. Miguu inawasha, lakini safari hii inawasha ikijua inakokwenda.

Msicheke. Badala yake naomba ushauri, na safari hii wa kweli. Bi Zuhura anataka tusimame Kendal tuswali na kula pilau iliyobaki. Anayepajua aniambie: tunatokea wapi, na pakoje? Mimi nilikuwa huko leo saa saba, na sikumbuki kitu.